Picha na Majirani Zake: Tathmini ya Katalogi ya Picha ya Maktaba ya Bunge la Marekani

Hifadhi za picha mtandaoni kwa kawaida hupimwa kwa wingi wa picha, ukubwa wa mafaili na wepesi wa kutafuta. Vipimo hivyo vinamtosha mtu anayetaka picha ya kupambia makala, lakini havimsaidii anayetaka kujua hasa anatazama nini, kwa kuwa hifadhi inaweza kuwa na mamilioni ya picha safi na bado isimwambie mtazamaji ni nani aliye mbele yake, alipigwa lini, kwa agizo la nani, na ni nini kilichobaki nje ya fremu. Katika tathmini hii ninaipima katalogi ya mtandaoni ya picha na michoro ya Maktaba ya Bunge la Marekani kwa swali moja: mtu anayefungua picha bila kujua lolote kuihusu hupewa muktadha kiasi gani, na je, kiasi hicho kinamtosha?

Hukumu yangu naitoa mapema, ili msomaji asiye na muda asisumbuke. Hii ni miongoni mwa huduma bora za aina yake ambazo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzitumia bila malipo na bila kujisajili, na ubora wake hautokani na urefu wa maelezo. Unatokana na mambo ambayo wengi huyapita bila kuyatupia jicho: huduma hii inamwonyesha mtazamaji picha zilizo jirani na ile aliyoifungua, na inasema wazi maelezo yake yametoka wapi. Kasoro zake nazo si ndogo, nami nitazifikia.

Mkusanyo nitakaoutegemea zaidi ni ule wa Farm Security Administration na Office of War Information, idara mbili za serikali ya Marekani, wenye negativu (filamu asilia ambazo picha huchapishwa kutoka kwazo) zipatazo 175,000 za rangi nyeusi na nyeupe na picha za rangi zipatazo 1,600, za kati ya mwaka 1935 na 1944. Kitengo kilichozikusanya kiliongozwa na Roy Stryker, mtu aliyesomea uchumi na ambaye hakuwa mpiga picha, na miongoni mwa waliomfanyia kazi ni Dorothea Lange, Walker Evans, Arthur Rothstein, Russell Lee na Gordon Parks. Kazi yao ya awali ilikuwa kuonyesha hali ya wakulima maskini wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na kuwashawishi wananchi pamoja na wabunge kwamba mipango ya serikali ya kuwasaidia ilikuwa na sababu. Hilo ni la kukumbukwa tangu mwanzo: picha hizi zilipigwa ili zitetee jambo, nazo zililitetea vizuri.

Ukurasa wa picha moja katika katalogi umepangwa kikavu. Kuna kijipicha, na kando yake taarifa: jina la picha, mpiga picha, tarehe, namba ya kuombea nakala, hali ya haki za matumizi, na maelezo ya wakutubi. Jina la picha katika mkusanyo huu mara nyingi ni maelezo yaliyoandikwa na mpiga picha mwenyewe au ofisi yake wakati ule, sentensi moja au vipande vya sentensi, na kwa kawaida hutaja shughuli, mahali na jimbo. Hakuna urembo. Mahali fulani katika ukurasa huo pana kiungo kidogo kinachofungua picha zenye namba zinazofuatana na hiyo. Mgeni anaweza kuitumia katalogi muda mrefu asikibofye kamwe, nami nadhani ndicho chenye thamani kuliko vyote vilivyomo.

Mfano ulio wazi zaidi ni picha inayojulikana duniani kwa jina la Mama Mhamiaji, aliyoipiga Lange mwaka 1936 huko Nipomo, California, katika kambi ya vibarua waliofuata kazi ya kuvuna njegere wakakuta baridi imeshaharibu zao hilo. Mama amekaa, mkono wake wa kulia umeinuka hadi shavuni, macho yake yanatazama mbali, nje ya kamera. Watoto wawili wamemwegemea mabegani, mmoja huku na mwingine huku, nao wamegeuza nyuso hivi kwamba tunaona visogo tu, na mapajani mwake kuna mtoto mchanga aliyefunikwa. Hakuna kingine kinachoonekana. Ukiikuza kwenye faili kubwa, katika kona ya chini upande wa kulia utaona kivuli hafifu cha kidole gumba kilichokuwa kimeshika nguzo ya hema. Kidole hicho kilifutwa kwenye negativu baadaye kwa sababu Lange alikiona kinaharibu mpangilio wa picha.

Jina lililomo katika katalogi linasema kwamba hawa ni wavuna njegere mafukara wa California, kwamba mwanamke ni mama wa watoto saba, kwamba ana umri wa miaka 32, na kwamba mahali ni Nipomo. Yeye mwenyewe hatajwi kwa jina, kwa sababu Lange hakumwuliza. Wapo watakaosema kwamba haya yanatosha, na hata kwamba yamezidi, kwa kuwa picha nzuri hujieleza yenyewe. Kizuri chajiuza, tunaambiwa, na picha hii imejiuza kweli. Ila wanunuzi wake kwa miongo mingi hawakujua wananunua nini.

Sasa tubofye kiungo cha majirani. Zinafunguka fremu nyingine alizopiga Lange mahali pale pale na saa ile ile. Katika moja, hema linaonekana lote, na binti mkubwa amekaa kwenye kiti mbele yake. Katika nyingine kuna sanduku la safari lenye sahani tupu juu yake, na mtoto amesimama nyuma ya mama, kidevu begani kwake. Ukizipanga kutoka ya mbali hadi ya karibu, utaona jinsi kamera inavyosogea na vitu vinavyotoweka kimoja kimoja: hema, kiti, binti mkubwa, sanduku, hadi anabaki mama na watoto wake wadogo wakiwa wameijaza fremu pembe kwa pembe. Fremu pana zinazungumzia makazi: zinamwonyesha afisa wa serikali kwamba familia ya watu wengi inaishi chini ya turubai lililo wazi upande mmoja. Fremu ya mwisho haizungumzii makazi hata kidogo. Inamhusu mama yeyote mwenye wasiwasi kuhusu watoto wake, na ndiyo maana inaeleweka na mtu ambaye hajawahi kusikia habari za California wala za njegere.

Hapa ndipo swali la muktadha linapokuwa gumu kuliko linavyoonekana. Fremu nyembamba ina maana kwa watu wengi zaidi kwa sababu imepoteza muktadha, na mtu mwenye haraka anaweza kuhitimisha kwamba muktadha ni adui wa maana. Mimi sikubaliani na hitimisho hilo. Ninachokiona ni kwamba kuna maana ya aina mbili, na picha moja inaweza kuwa tajiri wa aina moja na fukara wa nyingine. Ikiwa unaitazama ili uguswe, huhitaji hata jina la mji. Lakini ukitaka kuitumia kusema jambo fulani kuhusu watu fulani, kwamba waliishi hivi, walikula hivi, waliuza hiki, basi kila dai unaloiongezea picha linakuja na deni lake la ushahidi.

Deni hilo lilidaiwa mwaka 1978, mwanamke yule alipotambuliwa na gazeti la mji wa Modesto, California. Aliitwa Florence Owens Thompson, wa asili ya Wacherokee, mojawapo ya mataifa ya Wamarekani wa asili, jambo ambalo hakuna aliyelisoma katika picha kwa zaidi ya miaka 40. Lange alikuwa ameandika kwamba familia ilikuwa imeuza matairi ya gari lake ili inunue chakula. Familia ilikana, ikasema hapakuwa na matairi ya kuuza, kwani gari ndilo lililokuwa chombo chao cha kuhamia. Picha zilipotoka katika gazeti la San Francisco mwezi Machi 1936, serikali ilipeleka chakula kingi kambini, lakini Thompson na wanawe walikuwa wameshaondoka. Mwenyewe alisema kwamba alitamani asingepigwa picha ile, na kwamba hakuwahi kupata hata senti moja kutokana nayo. Alipougua mwaka 1983, mwaka aliofariki, watu walichanga zaidi ya dola 30,000 za matibabu yake, na wengi walichanga kwa sababu ya uso ule waliouona magazetini.

Maktaba imeyakusanya mengi ya haya katika ukurasa wa mwongozo uliotengwa mahususi kwa picha hizi za Lange, ikiwemo simulizi aliyoitoa mwenyewe mwaka 1960. Ni mwongozo mzuri, wenye staha, usiomshambulia mpiga picha wala kumtetea kupita kiasi. Ninachokilalamikia ni kwamba picha yenye umaarufu mdogo haina bahati hiyo. Kibarua wa shamba la pamba aliyepigwa na Russell Lee, na ambaye gazeti halikumtafuta uzeeni, amebaki na sentensi yake moja, na sentensi hiyo hatujui angeikubali au angeikana.

Hata hivyo, kwa hao wasio na umaarufu, kiungo cha majirani hufanya kazi kubwa ajabu. Mwaka 1942 Gordon Parks alimpiga picha mfanyakazi wa usafi katika ofisi ya serikali mjini Washington, amesimama wima mbele ya bendera ya taifa, fagio mkono mmoja, deki karibu naye. Picha hiyo imepangwa kwa makusudi kufuata mchoro maarufu wa mkulima na mwanamke wa shamba wa Grant Wood, na jina lake katika katalogi ni fupi: Washington, mfanyakazi wa usafi wa serikali. Ukiishia hapo una nembo, hoja kali dhidi ya ubaguzi wa rangi iliyosimamishwa mbele ya bendera. Ukienda kwa majirani zake unamkuta mwanamke huyo huyo nyumbani, akiwa na wajukuu wake watatu na binti aliyemlea, na huko maelezo yanamtaja kwa jina lake, Bi. Ella Watson. Jina ambalo picha mashuhuri haina limekaa muda wote katika picha ambazo hakuna anayezichapisha. Sijui huduma nyingine inayompa mtazamaji nafasi ya kugundua jambo kama hilo kwa kubofya mara moja.

Sifa ya pili ya katalogi hii inahusu picha zisizo na maelezo kabisa. Si kila negativu ilichapishwa wakati ule, na zile ambazo hazikuchapishwa mara nyingi hazikuandikiwa chochote. Wakutubi wangeweza kuziacha bila jina, na hapo zisingepatikana katika utafutaji. Au wangeweza kukisia na kuandika kisio lao kana kwamba ni taarifa. Walichofanya ni kuchukua maelezo ya negativu iliyo jirani na kuyatanguliza kwa maneno yenye maana hii: picha isiyo na jina, pengine inahusiana na kile kinachofuata. Ukitafuta mji wowote uliopigwa picha na mradi huu, utakutana na mlolongo wa majina ya aina hiyo, na mwanzoni yanachosha macho. Baadaye unaanza kuyathamini. Neno "pengine" linakuambia kwamba uhusiano umekisiwa kutokana na ujirani wa namba, na linakuachia wewe uangalie kama paa la nyumba ni lile lile, kama kofia ya yule mtu imeonekana katika fremu iliyotangulia. Ingekuwa vyema kama vyombo vya habari vinavyonakili picha hizi vingelinakili na neno hilo, kwa sababu ndilo la kwanza kuangushwa njiani.

Kundi jingine linalostahili kutazamwa ni la negativu zilizotobolewa. Katika miaka ya mwanzo ya mradi, picha ambayo Stryker hakuridhika nayo ilitobolewa tundu, na tundu hilo sasa linaonekana kama duara jeusi lililotua popote, angani, shambani, wakati mwingine usoni mwa mtu. Katalogi inazionyesha pamoja na nyingine bila kuzificha. Kwangu duara hilo ni maelezo kamili kuliko aya nzima, kwa sababu linaonyesha kwamba kila picha tunayoiona nzima ilipita mikononi mwa mtu aliyeamua kwamba ipite.

Majirani hawamsaidii mpiga picha kila wakati. Mwaka 1936 Arthur Rothstein alipiga picha ya fuvu la ng'ombe kwenye ardhi iliyopasuka kwa ukame huko South Dakota. Ilikuwa mwaka wa uchaguzi, na magazeti yaliyompinga Rais Roosevelt yalipogundua kwamba fuvu lile lile linaonekana katika picha kadhaa zenye ardhi tofauti, yalipiga kelele kwamba serikali inatengeneza ukame wa uongo. Rothstein alikiri kulisogeza, umbali wa mita chache tu, kwa ajili ya mwanga na mandhari. Katika katalogi picha hizo zimo, na mtazamaji anaweza kulilinganisha fuvu na fuvu mwenyewe. Anaweza pia kuona kile ambacho ugomvi wa kisiasa ulikificha, yaani kwamba ardhi imepasuka kweli, na ukame ulikuwepo fuvu liwepo lisiwepo. Fremu moja peke yake isingemwezesha kuamua lolote kati ya hayo mawili.

Kuna wanaodhani kwamba dawa ya picha bubu ni kuiandikia maelezo marefu. Mkusanyo mwingine wa Maktaba hiyo hiyo, wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, unanifanya nisite. Baada ya mapigano ya Gettysburg ya Julai 1863, Alexander Gardner na wenzake walipiga picha ya askari wa Kusini aliyelala amekufa kati ya miamba, bunduki imeegemezwa ukutani. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1866, Gardner aliandika simulizi ya kusisimua: mlenga shabaha huyu alijeruhiwa, akalala akisubiri kifo, na Gardner aliporudi miezi kadhaa baadaye alimkuta mifupa palepale, bunduki imeshika kutu. Mwanahistoria William Frassanito alipolinganisha picha za uwanja huo, alionyesha kwamba mwili huo huo umepigwa pia mahali pengine, makumi ya mita kutoka hapo, na kwamba ulibebwa hadi kwenye miamba kwa ajili ya picha. Katika kitabu hicho hicho cha Gardner, picha mbili zenye maiti zile zile zilizopigwa kutoka pande mbili zinaelezwa tofauti: katika moja maiti ni za waasi, yaani watu wa Kusini, katika nyingine ni za majeshi ya Muungano, yaani Kaskazini.

Hapo muktadha ulikuwa mwingi, umeandikwa kwa ustadi, na ulikuwa wa uongo. Mtazamaji aliyepewa picha hizo bila neno hata moja angejua machache, lakini angalau asingejua ya uongo. Kwa hiyo naupima ukurasa wa picha kwa uwazi wa chanzo cha maneno yake kuliko kwa wingi wa maneno hayo, na kwa kipimo hicho katalogi inafaulu. Mwili wa yule askari unapatikana humo katika sehemu zote mbili, na Maktaba imechapisha maelezo yanayouhusu udanganyifu huo badala ya kuuficha nyuma ya heshima ya kitabu cha kale.

Uwazi huo wa chanzo unaonekana vizuri zaidi katika mkusanyo wa shirika la habari la George Grantham Bain, wenye negativu za kioo zipatazo 40,000, nyingi za mwanzoni mwa karne ya 20. Maelezo yake yalikwaruzwa juu ya kioo na wafanyakazi wa shirika, kwa haraka ya gazeti, yakiwa na majina ya ukoo yasiyo na jina la kwanza na tahajia ya kubahatisha. Katalogi inayanakili yalivyo na kuongeza kwamba yametoka kwenye negativu au kadi za shirika na hayajathibitishwa. Mwaka 2008 Maktaba ilianza kuziweka picha za mkusanyo huu katika mtandao wa Flickr, na watu wa kawaida wakaanza kuzichunguza: mmoja anaitambua meli kwa umbo la dohani zake, mwingine analikuta tukio katika gazeti la siku ile. Taarifa inayothibitika huingizwa katika katalogi ikiwa na maelezo kwamba imetoka katika mradi wa Flickr, pamoja na mwaka wake. Picha inaweza kuwa na maneno ya mwaka 1912 na ya mwaka 2010 katika ukurasa mmoja, na msomaji anajua yapi ni yapi.

Sasa kasoro. Kubwa kuliko zote ni kwamba ukurasa wa picha hausemi kwa nini picha ilipigwa. Kwamba Stryker aliwapa wapiga picha wake orodha za mambo ya kupiga, kwamba idara ilikuwa na hoja ya kutetea bungeni, kwamba tangu mwaka 1942 kazi ile ile ilihamia katika propaganda za vita, yote haya yamo katika kurasa za utangulizi wa mkusanyo, ambako mtu aliyeletwa na mtambo wa kutafutia moja kwa moja hadi kwenye picha hafiki. Sentensi moja katika kila ukurasa ingetosha. Bila hiyo, mtazamaji anaichukulia picha ya serikali kama dirisha, kumbe ni barua ya maombi.

Kasoro ya pili inatokana na historia ya mkusanyo. Paul Vanderbilt, aliyeupanga upya kuanzia mwaka 1942, alizigawa picha zilizochapishwa kwa maeneo na mada, huku akizihifadhi katika filamu ndogo kwa mafungu yaliyofuata safari za wapiga picha. Alikuwa na sababu: mwandishi anayetaka picha za shule hataki kupekua safari mia. Lakini picha ya mtoto darasani ikiwekwa kati ya madarasa mengine inasema habari za elimu, na ikirudishwa kati ya picha za wiki ile inaweza kuwa inasema habari za njaa. Mtumiaji wa katalogi anapata njia zote mbili, ila hakuna anayemwambia kwamba njia hizo ni mbili. Matokeo ya utafutaji kwa neno humchanganyia majimbo na miaka katika orodha moja, na ni juu yake kutoka humo kwenda kwa majirani.

Mengine nayapita haraka. Maelezo yote ni ya Kiingereza, tena Kiingereza cha miaka ya 1930 chenye majina ya watu weusi na wahamiaji ambayo leo ni matusi. Maktaba imeyaacha kama kumbukumbu, na naafiki, kwa kuwa maneno hayo nayo ni sehemu ya ushahidi. Picha zenye utata wa haki huonekana nje ya jengo la Maktaba kama vijipicha tu, na kijipicha hakikuzwi hadi kidole gumba kionekane. Mafaili makubwa ya picha huru hupakuliwa bila kizuizi, jambo la kushukuriwa, lakini yanakuja na majina kama 8b29516u.tif, ambalo ni la Mama Mhamiaji. Likishaingia katika kompyuta ya mtu pamoja na mafaili mengine elfu, limekuwa yatima.

Kwa anayeuliza kama kuna mbadala, inategemea anatafuta nini. Tovuti ya Photogrammar, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Yale, imezipanga picha za mkusanyo huu huu juu ya ramani ya Marekani na inawaruhusu watumiaji kufuata mpiga picha kutoka wilaya hadi wilaya. Kwa kuelewa safari, inaizidi katalogi yenyewe. TinEye na huduma nyingine za kutafuta kwa kutumia picha hujibu swali tofauti: zinaonyesha picha imetumika wapi mtandaoni, na tokeo la zamani zaidi ni lile ambalo mtambo uliliona mapema zaidi, ambalo linaweza kuwa limechapishwa miaka 70 baada ya kamera kubofywa. Zinafaa kwa kumkamata mwongo wa jana. Hazimfikishi mtu kwenye hema la Nipomo.

Kwa mwanafunzi, mwalimu, mwandishi wa habari na yeyote anayetaka kutumia picha kama ushahidi, ninaipendekeza katalogi hii bila kusita, kwa sharti moja la matumizi. Unaponakili picha, acha jina lililobuniwa na magazeti, nakili maelezo ya katalogi pamoja na "pengine" yake kama ipo, na usiache namba ya negativu. Kwa Mama Mhamiaji namba hiyo ni LC-USF34-9058-C, na atakayeikuta chini ya picha yako ataweza kuiandika katika kisanduku cha kutafutia na kuzifikia fremu nyingine zote.